Samaki wa Majura na Mbwa wa Tata

Kabla sijaandika neno lolote, namshukuru Mungu Baba aliyenipa pumzi ya asubuhi hii na mkono ambao bado unashika kalamu. Ndiye aliyetulinda tulipokuwa wadogo, wakati hatukujua hata tunalindwa na nini. Sifa zote ni zake. Kama kuna jema katika haya nitakayosimulia, limetoka kwake, na makosa ni yangu mwenyewe.

Juma lililopita niliingia katika duka moja la pembejeo hapa Muleba pamoja na mjukuu wangu Alinda. Panya walikuwa wametoboa magunia ya maharage, na Alinda alitaka tununue sumu, tuimwage stoo, yaishe. Muuzaji akafungua kopo moja kutuonyesha. Harufu iliyotoka humo ilinifanya nishike meza. Haikuwa kali. Ilikuwa harufu ya chinichini, kama mafuta ya taa yaliyochanganyika na kitu kitamu. Sidhani kama ilikuwa dawa ile ile ya utotoni mwangu, lakini pua yangu haikutaka maelezo.

"Bibi, unaumwa?"

"Siumwi. Umefikiria paka, na yule mbwa uliyekuja naye kwenye kikapu?"

"Wao wanajua, Bibi. Hawawezi kula sumu."

Nikamwambia amrudishie muuzaji kopo lake, kisha njiani nikamsimulia habari za mbwa wetu Waseme. Nilisimulia vibaya, nikirukaruka. Leo nimekaa niandike vizuri, kwa ajili yenu wa rika langu mliokulia miaka ile na ambao hamhitaji kuelezwa ilikuwaje.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko unaotazama ziwa. Asubuhi isiyo na ukungu tulikiona kisiwa cha Bumbire kimelala kule majini kama ng'ombe aliyeshiba. Tata, ndivyo tulivyomwita baba kwa Kihaya, alikuwa akivuka kwenda huko na mikungu ya ndizi, kisha anarudi na samaki waliokaushwa kwa moshi. Vita vilipokuja upande wetu wa mpaka, aliacha ndizi na samaki akaenda na mgambo. Mama alisali rozari kila jioni mpaka shanga mbili zikakatika. Siku Tata aliporudi alikuwa mzima, kovu moja tu mkononi, na ndani ya koti lake kulikuwa na kitu kinachotikisika.

Baba mdogo Anatori, mdogo wake wa kuzaliwa, alikuwa amesimama mlangoni kumpokea. Wapo waliorudi na redio, naye nadhani alikuwa ameshachagua rafu ya kuiweka.

"Wenzako wamerudi na redio," alisema alipoona pua nyeusi ikichungulia kwenye vifungo. "Wewe umerudi na mbwa."

"Redio inataka betri. Huyu anataka mabaki tu."

"Watu watasema umepigana vita ukalipwa mbwa."

"Waseme," alijibu Tata, akaingia ndani kulala.

Basi neno hilo likawa jina la mbwa. Tata alimwokota kando ya barabara karibu na Kyaka, kwenye nyumba isiyo na paa, akilia juu ya jivu. Hakuwahi kutueleza zaidi ya hapo kuhusu vita. Nadhani mbwa yule ndiye aliyekuwa maelezo yake yote. Alimlisha kwa mkono wake na kumkagua masikio kila Jumapili baada ya misa. Nami nilijua, bila kuambiwa, kwamba Waseme akipatwa na jambo, kitu fulani ndani ya Tata kitavunjika.

Mnajua kwetu nyumba inavyokaa. Kibanja kinaanza pale ukuta unapoishia, migomba imeizunguka nyumba kila upande. Chochote kinachobaki jikoni, maganda, majivu, mifupa ya samaki, hutupwa chini ya migomba ya karibu, na ndiyo maana migomba ya nyuma ya jiko hunenepa kuliko mingine yote. Mmojawapo, mkubwa, ulikuwa ndiyo meza ya Waseme. Mama alikuwa akimwaga mabaki pale, naye anafika kabla sufuria haijageuzwa vizuri.

Miaka michache baada ya vita, Tata alianza kukohoa. Mkanda wake ulitobolewa tundu jipya, kisha jingine, kisha jingine, mpaka ncha yake ikafika mgongoni. Ilikuwa ile miaka ambayo tulizoea kuona matita ya nyasi mbichi yakibebwa njiani, tukajua kuna nyumba inatandikiwa watu wa msiba. Mara nyingine nyasi zilipelekwa nyumba ile ile kabla zile za mwanzo hazijakauka. Jina la ugonjwa tulikuwa hatujalipata. Watu wazima walipoliongelea jambo hilo walishusha sauti, nasi watoto tuliishi chini ya sauti hizo kama kuku chini ya meza, tukiokota kinachodondoka.

Siku moja nilikuwa napukuchua maharage karibu na mlango wa jiko. Jirani yetu Ma Paskazia alikuwa ameketi na Mama.

"Amelishwa," alisema Ma Paskazia. "Huko huko kisiwani. Biashara ya watu wawili haikosi wivu."

"Usiseme hivyo, waitu," Mama alimjibu. "Hatujui."

"Mimi sijamtaja mtu. Nimesema kisiwani."

Nilikuwa na miaka kumi. Kulishwa nilikujua kwa maana moja tu, mtu kutiliwa kitu kwenye chakula. Na chakula kilichotoka kisiwani kilikuwa kimoja, samaki. Aliyewaleta alikuwa mmoja pia, Majura, Mjita, mvuvi aliyekuwa mshirika wa Tata tangu kabla ya vita. Tangu Tata ashindwe kuvuka, Majura ndiye aliyekuwa akivuka kuja kumwona, na hakuja mikono mitupu. Nilizihesabu siku zile kwa akili yangu ya kitoto: Majura huleta samaki, Tata hula, Tata hukonda. Sikumwambia mtu. Niliona nimeelewa jambo ambalo wakubwa wanaogopa kulisema, na kwamba Mungu amenionyesha mimi ili nimwokoe.

Wakati huo huo migomba yetu ilianza kuanguka. Fukusi walikuwa wamekula mashina kwa chini, upepo mdogo tu, mgomba wenye mkungu unalala. Tata alihangaika kuliko alivyohangaikia kifua chake. Nadhani alitaka atuachie kibanja kinachosimama. Alimwita bwana shamba, akaja na buti zake na kopo la unga wa kijivu, akaunyunyiza chini ya migomba yote, ya mbali na ya karibu, harufu ile ikaingia mpaka vitandani. Alipoondoka, Tata alituita chumbani kwake.

"Mpaka nitakaposema, hakuna kutupa kitu chini ya migomba. Hata ganda moja. Kila kitu kwenye shimo la kando ya njia. Na Waseme afungwe."

Tuliitikia, tukatoka. Amri ya baba haikuulizwa sababu, naye hakuzoea kuitoa. Sababu nilijitungia mwenyewe. Nilidhani tunawanyima fukusi chakula ili wafe njaa. Na Waseme nilidhani amefungwa kwa kuwa anachukia mabuti, na bwana shamba angerudi.

Majura alifika siku ya tatu, mchana, jasho la mlima likimtiririka, na samaki wanne wakubwa wamefungwa kwenye majani makavu ya mgomba. Mama aliwapika wawili na ndizi. Sebuleni alikuwepo baba mdogo Anatori na wazee wawili wa ukoo waliokuja kumjulia hali mgonjwa. Mama alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo heshima kwa mgeni. Majura alichukua punje zake akatafuna. Kikapu kilipofika kwa Anatori, alikipitisha kwa jirani yake bila kutia mkono. Niliona. Nikajua kwamba na yeye anajua ninachojua mimi.

Mama alinipa chakula cha Tata, ndizi juu ya jani na kipande kizuri cha samaki kando. Katikati ya jiko na chumba cha Tata kuna mlango wa nyuma. Nilitokea hapo. Shimo la kando ya njia lilikuwa wazi, Mama angeniona. Lakini nyuma ya jiko hakuna aliyekanyaga tangu siku ya amri. Nikamchomeka samaki chini ya mgomba ule mkubwa, nikamfunika kwa maganda makavu, nikafuta vidole kwenye gauni. Kisha nikampelekea Tata ndizi tupu.

"Leo Mama yako ametoa samaki wachache," alisema, akitabasamu kidogo.

Nikamwambia ndiyo. Huo ndio uongo wa kwanza ninaokumbuka kumwambia Tata.

Waseme alikuwa amefungwa kwa kamba ya maganda ya mgomba, karibu na mkeka wa kuanikia kahawa. Nilipompita alininusa mikono, akalia, nikamwambia anyamaze. Sikuwaza zaidi. Kamba ile aliitafuna nikiwa nimekwenda kisimani kuteka maji.

Niliporudi na ndoo kichwani nilisikia sauti ambayo sikuijua. Waseme alikuwa uani, amelala ubavu, miguu inakimbia lakini yeye haendi popote. Povu lilikuwa limemjaa mdomoni. Mama alikuwa amepiga magoti anamtia maziwa kwa kikombe, yanamwagika yote. Anatori na wazee walisimama wakitazama. Nilitua ndoo. Hapo ndipo nilipopata uthibitisho wangu, na namwomba Mungu anisamehe, katikati ya uchungu ule nilihisi kitu kama fahari.

Nilisema kwa Kiswahili cha shuleni, si kwa Kihaya, ili Majura naye asikie.

"Amekula samaki wa Majura. Nilimtupa ili Tata asile. Ndiyo hao hao wanaomuua Tata."

Waseme alikakamaa mara moja, akalegea, na miguu ikaacha kukimbia. Anatori alikwenda taratibu mpaka kwenye njia ya kutokea uani, akasimama hapo, akiwa ameshika fimbo yake ya mkuyati. Mzee mmoja alisogea upande wa pili. Wakati huo tayari watu walikuwa wamepigwa kwenye vijiji vingine kwa tuhuma kama ile, na mmoja hakuamka. Majura alikuwa peke yake, mgeni, mtumbwi wake uko mbali chini kule.

"Mtoto amesema," alisema Anatori. "Sisi wakubwa tulikuwa tunasubiri nini?"

Majura aligeuka kwa Mama.

"Shemeji, sufuria iko wapi?"

"Jikoni."

"Niletee. Na wale wawili ambao hujapika, walete nao."

Mama alileta. Majura alikaa chini kabisa, kwenye udongo, akala. Alikula mabaki ya sufuria kwa vidole, akala kichwa, akanywa na mchuzi. Kisha akavunja wale waliokaushwa, akawala hivyo hivyo wakavu, akitafuna polepole, machozi yanamtoka bila uso wake kubadilika. Hakuna aliyemzuia. Tulisimama tukimtazama mtu akila, kama watu wanaongoja hukumu.

"Koku."

Sauti ya Tata, akiniita. Alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, blanketi mabegani, anashikilia mhimili. Alimtazama mbwa wake kwa muda, kisha akanitazama mimi.

"Ulimtupa wapi huyo samaki?"

"Chini ya mgomba wa nyuma ya jiko."

Alifumba macho.

"Anatori, mwinue kichwa huyo mbwa. Mtazame puani."

Anatori hakutaka, lakini hakuwa mtu wa kumkatalia kaka yake mbele ya watu. Aliinama. Manyoya ya pua ya Waseme, yaliyokuwa meusi tii tangu siku ile kwenye koti, yalikuwa na unga wa kijivu mpaka karibu na macho. Alipaka kidole chake, akanusa, akakifuta haraka kwenye nyasi.

"Dawa ya fukusi," alisema.

"Dawa yangu," alisema Tata. "Niliyoiagiza mimi. Mwacheni Majura amalize kula, au aache, kama ameshiba."

Nilianza kulia hapo, kwa mara ya kwanza. Tata alinipa ishara niende. Nilidhani atanipiga, na nilitaka anipige. Aliniwekea mkono kichwani, mkono mwepesi kama jani.

"Nilikuamuru, sikukueleza," alisema. "Ningesema ile ni sumu, na kwamba mbwa atakula pale, ungejua. Kosa ni langu, mwanangu. Uongo wa samaki ndio wako, nao tutaupeleka kwa padre."

Waseme alipaswa kuzikwa, tena kwa kina, maana mbwa wengine wangemfukua na kufa nao. Majura alinawa mikono, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akaenda pembeni ya kibanja, mbali na kisima. Alikuwa amechimba kina cha goti hivi Anatori alipomfuata. Tulidhani ugomvi unaanza upya.

"Lete jembe," alisema Anatori, akitazama chini. "Kwetu mgeni hachimbi."

Majura akampa. Anatori alichimba mpaka akazama kiunoni. Yule samaki aliyebaki chini ya mgomba naye alizolewa kwa jani akatupwa humo, na ile kamba iliyotafunwa. Waliporudi sebuleni, Mama alileta tena kikapu cha kahawa. Kilipita kwa Majura. Kilipofika kwa Anatori, alitia mkono, akachukua punje tatu, akazitafuna kwa muda mrefu. Tata aliona kutoka kitandani, maana mlango uliachwa wazi.

Jioni ile, baada ya Majura kuteremka ziwani, Tata aliniita peke yangu. Aliniambia kwa maneno machache kile ambacho hakuna mkubwa aliyewahi kutuambia. Daktari wa hospitali ya misheni amemweleza kuwa ana ugonjwa ulio ndani ya damu, hakuna aliyemlisha, hakuna aliyemroga, haumo kwenye samaki wala kwenye kikombe, na hauna tiba. Wengi wanao, alisema, na wengi zaidi watakuwa nao. Hakujificha nyuma ya maneno. Nilimuuliza kama atakufa. Akasema ndiyo, ila si leo, na kwamba leo tumlilie Waseme kwanza. Tukamlilia.

Aliishi mpaka kahawa ilipoiva tena. Siku ya mazishi, njia yetu ikiwa na matita ya nyasi kama ilivyokuwa kwa wengine, tita lililokuwa kubwa kuliko yote lilipanda mlima juu ya kichwa cha Majura. Anatori ndiye aliyekwenda kumtua. Mimi baadaye nilipelekwa kwa shangazi huko Kashozi, nikasoma, nikafundisha katekisimu miaka mingi. Watoto walipouliza "kwa nini", sikuwahi kuwanyamazisha. Wenzangu walidhani ni uvumilivu niliozaliwa nao. Haukuwa wa kuzaliwa. Nilipewa uani, karibu na mbwa aliyekufa.

Daktari wa mifugo aliniambia hivi karibuni kwamba maziwa yale ya Mama yasingesaidia, kwamba mnyama akila sumu anakimbizwa kwake mara moja pamoja na kopo lenyewe, ili ajue ni sumu gani. Tulikuwa hatujui. Alinda alinunua mitego mitatu ya waya na mapipa mawili yenye vifuniko ya kuhifadhia maharage. Dawa ya migomba tuliyo nayo iko kwenye sanduku la bati, ufunguo nautembeza shingoni pamoja na rozari. Jana niliwaita watoto wote wa nyumba hii, hata yule wa miaka minne, nikafungua sanduku, nikawaonyesha kopo, nikawaambia lina nini, linaua vipi, na nani atakayekufa kwanza. Yule mdogo aliuliza maswali saba. Niliyajibu yote. Kisha akaenda kumkumbatia mbwa, akamwambia sikioni neno moja moja, taratibu, kama nilivyomwambia yeye.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mungu aibariki nyumba yako na kila kinachopumua ndani yake, chenye miguu miwili na chenye minne. Akulinde na sumu uliyoiweka kwa mkono wako mwenyewe ukasahau, na ile ya neno lililosemwa kwa sauti ya chini mtoto akisikia. Awape wagonjwa wako rafiki wa kuvuka maji kwa ajili yao. Na amani yake ikae nawe. Amina.